Barafu si Matope: Gari la Magurudumu Manne na Mtumishi wa Afya Ugenini

Mtumishi wa afya wa kwetu akipata mkataba wa kazi katika nchi ya baridi, maswali atakayoniuliza nayajua kabla hajafungua kinywa: achukue koti la namna gani, soksi jozi ngapi, na je, mafuta mazito ya kupaka mwilini yanapatikana huko? Sijapata kuulizwa habari za tairi. Hata hivyo, katika miaka miwili niliyofanya kazi kwenye nyanda za juu za Lesotho, na baadaye katika miezi ya mafunzo huko Minnesota, majeruhi walioletwa mbele yangu kwa sababu ya barabara iliyoganda walikuwa wengi kuliko walioletwa kwa sababu ya baridi yenyewe. Baadhi yao walikuwa wenzetu wa kazi, sare zikiwa bado chini ya makoti.

Wapo wanaostaajabu wakisikia kwamba Afrika kuna barabara zenye barafu. Lesotho ni nchi pekee duniani ambayo ardhi yake yote ipo juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari; hata mahali pake pa chini kabisa panakaribia mita 1,400. Kuanzia Juni hadi Agosti theluji hushuka milimani, na njia za kwenda Mokhotlong, zinazopita kwenye vipito vya Moteng na Mahlasela, hulala zikiwa zimeganda. Kipito cha Mahlasela kipo juu ya mita 3,200. Huko kuna zahanati, kuna wajawazito, kuna wagonjwa wa kifua kikuu wanaosubiri dawa, na kuna gari lile lile ambalo kila mtumishi wa afya wa Tanzania na Kenya analijua: Land Cruiser ya hadtopu, nyeupe, yenye benchi mbili nyuma na tairi ya akiba mgongoni.

Kulifahamu gari hilo ndiko kunakotuponza. Dereva aliyelelewa na matope ya Mbulu au Makete amefundishwa na matope yenyewe. Amejifunza kwamba gari likianza kuzama, asiachie mafuta. Kwamba mwendo ndio mwokozi. Kwamba usukani ukichezwa kushoto na kulia tairi zitatafuta ardhi ngumu na kuipata. Mafunzo hayo ni ya kweli, na yamewafikisha wagonjwa wengi hospitalini. Juu ya barafu kila moja kati ya hayo hugeuka kuwa hatari. Chini ya matope kuna ardhi ambayo tairi linaweza kuifikia likichimba, lakini barafu haichimbiki. Mwendo unaomwokoa mtu kwenye tope ndio utakaompeleka bondeni kwenye barafu, na usukani unaochezwa huku na huko huivunja ile nguvu ndogo ya kushika iliyokuwa imebaki.

Tulipime jambo hili kwa hesabu, maana hesabu zake ni fupi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa juu ya lami kavu, dereva akishakanyaga breki, husimama katika mita 14 hivi. Juu ya barafu laini gari hilo hilo, kwa mwendo huo huo, litahitaji takriban mita 100, yaani urefu wa uwanja wa mpira. Ukitaka kusimama katika zile mita 14 au 15 ulizozizoea, itakubidi uende kilomita 20 kwa saa, mwendo wa baiskeli. Na tusisahau kwamba hizo ni mita za breki peke yake. Kabla mguu haujaufikia mkanyagio, sekunde moja ya kushtuka imekwisha kula mita nyingine 14 kwa mwendo wa 50.

Kwenye mteremko hesabu hiyo huwa kali zaidi. Barafu laini hushika tairi kwa nguvu isiyozidi sana sehemu moja ya kumi ya uzito wa gari. Maana yake ni kwamba mteremko ukizidi mita moja ya kushuka kwa kila mita kumi za kwenda mbele, gari litaserereka hata kama magurudumu yote manne yamefungwa kabisa na breki. Hakuna fundi wala gia itakayolizuia. Njia ya Sani, inayopanda kutoka KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, hadi Lesotho kwenye mita zaidi ya 2,870, ina vipande vilivyo vikali kuliko hivyo. Magari yasiyo na uvutaji wa magurudumu manne hayaruhusiwi kuipanda, na wageni husoma sharti hilo kana kwamba ni ahadi: mwenye fowili apite, yu salama. Sharti hilo linahusu kupanda kwenye changarawe. Halisemi lolote juu ya kushuka asubuhi ya Julai, wakati maji yaliyochuruzika kutoka miambani mchana wa jana yameganda kwenye kona zisizopata jua.

Basi uvutaji wa magurudumu manne hufanya nini hasa? Hugawa nguvu ya injini. Katika hadtopu ya kawaida, injini huzungusha magurudumu ya nyuma tu, hadi dereva afunge loki za magurudumu ya mbele na kuingiza gia ndogo ya pili kwenye H4 au L4. Hapo kila tairi hubeba sehemu yake ya kazi, na hakuna moja linalolemewa hadi likaanza kuzunguka bure. Ndiyo maana gari huondoka bila tabu mahali ambapo teksi imekwama, na ndiyo maana hupanda kilima ambacho basi limekishindwa. Kwa kuondoka na kwa kupanda, faida yake haina ubishi.

Kwa kusimama haina. Kila gari lililopo barabarani, kuanzia Vitz ya mwalimu hadi lori la saruji, lina breki kwenye magurudumu yake yote. Fowili haiongezi gurudumu la tano. Wala kwenye kona haiongezi sana, kwa kuwa kinacholizuia gari lisitoke nje ya njia ni tairi linavyoishika ardhi, si injini. Kwa upande mmoja fowili huzidisha hatari: huficha utelezi. Dereva wa gari dogo huonywa mapema, pindi tairi zake zinapozunguka bure akiondoka nyumbani. Dereva wa fowili huondoka kama kawaida, hufika kilomita 60 kwa saa kama kawaida, na onyo la kwanza hulipata siku anapohitaji kusimama. Gari lake ni zito na limeinuka. Likiserereka kando kisha tairi zikakutana ghafla na kipande kikavu au ukingo wa njia, hupinduka upesi kuliko gari la chini. Katika chumba cha dharura hadithi hii husimuliwa kwa maneno yale yale: gari lilikuwa likienda vizuri tu.

Kushuka kwenye utelezi kunataka gia nzito ichaguliwe juu, kabla ya mteremko kuanza, ili injini ilizuie gari yenyewe huku magurudumu manne yakigawana kazi hiyo. Hapa fowili hurudisha heshima yake kidogo. Lakini gia ikiwa nzito mno kwa barafu iliyopo, injini yenyewe itayafunga magurudumu na gari litaanza kuserereka kama lililokanyagwa breki. Tiba yake ni kuongeza mafuta kidogo sana hadi tairi zianze tena kuviringika. Loki ya difu ifunguliwe mara gari linapokwamuka. Barabara nyingi huinama kwenye kingo ili maji yatoke, na gari lililofungwa difu huteleza taratibu kufuata mwinamo huo hadi mtaroni.

Barafu mbaya kuliko zote ni ile isiyoonekana. Ni tabaka jembamba, angavu kama kioo, na lami huonekana chini yake kana kwamba imelowa tu. Madaraja huwa ya kwanza kuganda, kwa kuwa hewa baridi huyapitia juu na chini. Kisha huja kona zenye kivuli. Mtu wa kwetu akiwa Lesotho akumbuke kwamba huko jua la kipupwe hukaa upande wa kaskazini, hivyo miteremko inayotazama kusini hukaa gizani siku nzima. Akihamia Canada au Norway, kanuni hiyo hugeuka. Kipimajoto cha gari hupima hewa, hakipimi barabara, kwa hiyo kikionyesha nyuzi 3 lami inaweza kuwa tayari imeganda. Dalili nyingine huja kwa sikio na kwa mkono: mvumo wa tairi hunyamaza ghafla, usukani huwa mwepesi, na gari lililo mbele huacha kurusha matone ijapokuwa barabara bado inang’aa. Ajabu moja ambayo wageni huichukulia kinyume ni kwamba barafu iliyo karibu na nyuzi 0, yenye unyevu juu yake, huteleza zaidi kuliko barafu ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Siku ya baridi kali si lazima iwe siku mbaya kuliko zote barabarani.

Tairi ndilo linaloamua, kuliko aina ya gari. Mpira wa tairi la kawaida hukakamaa joto linapokaribia nyuzi 7, na kwenye barafu huwa kama gome. Tairi za majira ya baridi hutengenezwa kwa mpira unaobaki laini na wenye michirizi midogo mingi. Hutambulika kwa alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Gari dogo la kuvuta magurudumu mawili lenye tairi hizo husimama mapema kuliko fowili yenye tairi za kawaida. Jimbo la Quebec huko Canada linalazimisha tairi za baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Sweden huzidai kati ya Desemba na Machi hali ya barabara inapokuwa ya baridi, na hakuna anayepata leseni ya gari dogo huko bila kwanza kuendesha kwenye uwanja wa mafunzo ya utelezi. Sijaona mwajiri wa wauguzi wa kigeni aliyeweka mafunzo ya namna hiyo katika wiki ya kuwakaribisha. Wiki hiyo hujaa nywila za kompyuta na picha za vitambulisho. Anayehamia huko aulize mwenyewe, na akikosa mafunzo, atafute uwanja mtupu wa kuegeshea magari siku ya kwanza ya theluji, aende kilomita 15 kwa saa, akanyage breki kwa nguvu, aone.

Atakachokiona kimwingie mwilini kabla hakijamkuta barabarani. Breki zenye mfumo wa kuzuia magurudumu yasifunge zitatetemeka chini ya mguu na kuguruma. Wengi hudhani zimevunjika na kuachia, ilhali walipaswa kuendelea kukanyaga. Gari lisilo na mfumo huo, kama hadtopu nyingi za zamani, huhitaji mguu kukanyaga hadi tairi zikaribie kufunga, kuachia, na kukanyaga tena. Nyuma ya gari ikianza kupotoka, miguu itoke kwenye mafuta na breki, macho yaende kule dereva anakotaka kufika, na usukani uyafuate macho. Anayelikodolea macho gema huelekea gemani.

Sasa nirudi kwenye taaluma yangu, maana gari lina dereva na dereva ana mwili. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huendesha kama aliyekunywa pombe hadi kiwango cha asilimia 0.05 katika damu. Muuguzi anayemaliza zamu ya usiku alfajiri amekwisha kuufikia muda huo au kuupita, na alfajiri ndiyo saa ambayo barabara imeganda kuliko saa nyingine. Dawa za mafua zenye klofeniramini, ambazo watu humeza kama peremende wakati wa baridi, huongeza usingizi juu ya usingizi. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini apime sukari kabla ya kushika usukani, awe na kitu cha sukari mfukoni, na asiiache insulini ndani ya gari lililoegeshwa: ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Mtoto asifungwe kwenye kiti chake akiwa na koti nene. Koti hubonyea gari linapogonga, mkanda hulegea, na mtoto huchomoka. Afungwe kwanza, kisha afunikwe kwa koti hilo.

Wahudumu wa chanjo wana jambo lao. Huku kwetu tumezoea kuihofia jua, na sanduku la chanjo tunaliweka mahali penye ubaridi. Kwenye barafu adui amegeuka. Chanjo ya pepopunda, ya homa ya ini B na ile ya pentavalenti huharibiwa na kuganda, nazo hazina alama ya chupa inayoonyesha kwamba ziliganda. Jaribio la kutikisa ndilo litakalosema. Sanduku lipande mbele pamoja na dereva, lisiwekwe nyuma wala juu ya keria, na vifuko vya barafu viachwe viyeyuke kidogo hadi maji yasikike yakicheza ndani yake kabla ya kupangwa.

Septemba 2024 theluji iliiziba barabara kuu ya N3 karibu na Van Reenen, kati ya Johannesburg na Durban, na watu wengi wakalala ndani ya magari yao. Aliyekwama namna hiyo abaki na gari lake. Anayetoka kwa miguu hupotea, na waokoaji huliona gari kabla ya kumwona mtu. Injini iwashwe dakika kumi hivi kwa kila saa, wala si usiku kucha. Kabla ya kuiwasha, ashuke akafukue theluji kwenye bomba la moshi, kila mara, hata kama alifukua saa moja iliyopita. Bomba likizibwa, kaboni monoksaidi huingia ndani. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, na huishika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Huanza kwa maumivu ya kichwa, kichefuchefu na uchovu, dalili ambazo mtu aliyekwama huzihesabu kuwa za njaa na baridi. Dirisha lililo upande usiopigwa na upepo lifunguliwe kidogo.

Kwa mtoa huduma atakayempokea mgonjwa huyo, neno moja ni la lazima. Kipima oksijeni cha kidoleni hakiwezi kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyotekwa na gesi hii. Kitaonyesha 98 huku ubongo ukikosa hewa. Msikilize mgonjwa, si mashine. Mpe oksijeni nyingi kwa barakoa, na waulize wote waliokuwa naye garini kama vichwa vinawauma.

Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu hutetemeka na kubabaika maneno. Likiendelea kushuka, kutetemeka hukoma, na ndugu zake hufurahi wakidhani amepata nafuu. Huo ndio wakati wa kuogopa. Wengine huvua nguo wakiamini wanaungua. Asisuguliwe, asipewe pombe, asiinuliwe kwa pupa: chini ya nyuzi 28 moyo unaweza kuvurugika kwa msukosuko mdogo tu wa machela. Mapigo yatafutwe kwa dakika nzima kabla ya kusema hayapo. Mwaka 1999 nchini Norway daktari kijana, raia wa Sweden, alinaswa chini ya barafu ya kijito kwa dakika 80. Joto lake lilishuka hadi nyuzi 13.7, moyo ukiwa umesimama, naye akapona na kurudi kazini katika hospitali iliyomtibu. Kwa sababu hiyo hatumtangazi kuwa amekufa mtu aliye baridi hadi tumpashe joto kwanza.

Swali gumu kuliko yote haya halipo ndani ya gari. Ni la saa nane za usiku, mjamzito anayevuja damu yupo kwenye zahanati ya mlimani, hospitali ipo ng’ambo ya kipito, na kipito kimeganda. Lesotho imelijibu sehemu yake kwa nyumba za kusubiria: mama huteremka au huletwa wiki kadhaa kabla ya siku zake, hukaa jirani na kituo, na safari ya usiku haizaliwi. Nyumba hizo ni duni kwa kutazama, blanketi na sufuria na wanawake wakifuma, lakini sijaona kifaa cha hospitali kilichozuia ajali nyingi kuliko zile kuta. Unapobaki usiku ambao haukuzuilika, daktari ndiye mwenye neno kuhusu mgonjwa, na dereva ndiye mwenye neno kuhusu barabara. Nimeona madaktari, wa kwetu wakiwamo, wakimfokea dereva aliyekataa kuondoka kabla ya mapambazuko, kama kwamba amekosa utu. Ndani ya gari hilo mna mama, mkunga na dereva. Likienda bondeni hafiki hata mmoja. Kazi ya daktari katika saa hizo ni kumfikishia mama hapo alipo kila kinachoweza kufika: maelekezo kwa simu, maji ya mishipani, dawa ya kukaza mji wa uzazi ikiwa amekwisha kujifungua, mablanketi, mkunga asiyeondoka kitandani.

Dereva wa kituo chetu, mtu mzima ambaye sote tulimwita Ntate kwa heshima ya Kisotho, hakuwa akitazama utabiri wa redio. Alisimamisha gari kabla ya kila kona yenye kivuli, akavuta breki ya mkono, akashuka na kuitembea kona hiyo kwa miguu, taa za gari zikimmulika mgongoni. Akiweza kusimama wima juu yake alirudi, akaingiza L4, tukapita. Asipoweza, alitoa minyororo chini ya benchi akaifunga kwenye tairi zote nne, kazi ya nusu saa kwa vidole vilivyokufa ganzi, nasi tukimshikia tochi. Mara mbili aliirudisha minyororo chini ya benchi bila kuifunga, akageuza gari, tukangoja jua.